Vichwa vya mviringo vya Schulz, na kuku juu ya jamvi la karafuu

Suali: Assalaam alaykum mwalimu. Nasomesha skuli ya msingi huku Wete, na usiku watoto wakishalala nachora vibonzo. Kaka yangu anayefanya kazi Unguja kaniletea kitabu cha vibonzo vya Charles Schulz, yule Mmarekani wa Charlie Brown na mbwa Snoopy, akaniambia, "Jifunze kwa huyu, ndiye mkubwa wao." Nimekisoma chote na wallahi huo ukubwa sijauona. Vichwa mviringo kama mayai, nyuma yao hakuna kitu, na vyengine hata havichekeshi. Wapo watoto darasani kwangu wanaochora mikono na miguu vizuri kuliko yeye. Halafu nimesoma kwamba alikataza mtu mwengine asikiendeleze kibonzo chake. Huo si ubakhili? Naambatisha kibonzo changu kimoja, cha kuanika karafuu, ukitizame.

Jibu: Waalaykum salaam, mwalimu mwenzangu. Umeuliza mawili ukaambatisha la tatu, na hilo la tatu ndilo lililonifurahisha zaidi. Lakini kwanza tumalizane na Schulz.

Kuhusu vichwa, usione haya. Schulz alipokuwa kijana alisoma uchoraji kwa njia ya posta, kwenye chuo kimoja cha Minneapolis ambacho babake alimlipia ada, na katika somo la kuchora watoto alipata C yenye kijumlisha. Somo lile lile lililokuja kumlisha miaka khamsini. Michoro aliyoipeleka kwenye kitabu cha mwaka cha skuli yao ya sekondari ilikataliwa, na hilo hakulisahau mpaka uzeeni. Kwa hiyo walikuwapo waliosema uliyoyasema wewe, na walikuwa walimu kama wewe.

Sasa ngoja nikusimulie kisa changu, kwa sababu bila ya kisa hiki hutaelewa kwa nini vichwa vile viko vile.

Ujanani nilikuwa msanifu kurasa katika gazeti moja, zama za wembe, rula na gundi, kabla ya kompyuta. Juu ya kazi hiyo nilikuwa na kibonzo changu cha kila Jumamosi, visanduku vinne. Usiku mmoja, ukurasa umeshafungwa, likaingia tangazo la mabati. Tangazo lilikwishalipiwa, kibonzo changu hakikulipiwa na mtu. Aliyekuwa zamu akachukua wembe akakata kisanduku cha nne, akabandika mabati, ukurasa ukaenda mtamboni. Asubuhi yake napita barzani kwetu Malindi, mzee mmoja akanisimamisha. "Hadithi yako nimeisoma," akasema. "Yule bwana kahangaika wee, kapiga hodi, na mlango ulipofunguliwa kumbe mlikuwa na mabati ya geji ishirini na nane." Barza nzima ilicheka, na mimi nikacheka ili nisilie. Kilikuwa kichekesho kizuri kuliko changu.

Kibonzo cha gazetini, mwanangu, ni mpangaji katika nyumba ya mtu. Mwenye nyumba ni tangazo. Na Schulz alianza kazi wakati wenye nyumba walikuwa wanapunguza vyumba. Kabla yake na wakati wake walikuwapo wachoraji wa vibonzo wenye mikono ya ajabu, kama Hal Foster na Milton Caniff, waliochora majahazi, ngome, mapigano na kila mkunjo wa nguo. Kazi kama hizo zinataka nafasi. Vita Vikuu vya Pili vilifanya karatasi ziwe adimu, magazeti yakavibana vibonzo, na vita vilipokwisha nafasi haikurudi. Mwaka 1950 kampuni ya United Feature Syndicate, ambayo kazi yake ilikuwa kununua vibonzo na kuvisambaza kwa magazeti, ilipokipokea kibonzo cha Schulz ilikinadi kwa wahariri kama kitu kisichokula nafasi. Visanduku vinne, vyote sawasawa kwa ukubwa. Mhariri akitaka anavipanga safu moja ya kulala, akitaka anavisimamisha kimoja juu ya chengine, akitaka anavifanya mraba, viwili juu viwili chini. Hana haja ya wembe.

Kipimo hicho kilikuwa cha biashara, hakikuwa uamuzi wa kisanaa, na Schulz hakukifurahia udogo wake. Lakini tizama alichokifanya ndani yake. Katika kisanduku chenye ukubwa wa stempu kubwa, ukichora mtu mzima mwenye vipimo vya kweli, uso wake unakuwa punje ya mtama. Ukichora kichwa kikubwa cha mviringo juu ya kiwiliwili kidogo, uso unasomeka hata kwenye karatasi mbaya iliyofyonza wino. Nukta mbili za macho, kistari cha mdomo. Ukikisogeza kistari hicho kidogo tu kwenda chini, mtoto ameumia moyo. Jaribu usiku wa leo kwa kalamu: chora mviringo kumi, na kila mmoja uutilie macho na mdomo mpaka upate huzuni tisa zilizotafautiana. Mimi niliwahi kufika sita.

Hebu tukifungue kibonzo chake cha mwanzo kabisa, cha tarehe 2 Oktoba 1950, kilichotoka katika magazeti saba tu. Mvulana na msichana wamekaa ukingoni mwa njia, kama watoto wetu wakaavyo barzani jioni. Mvulana anamuona Charlie Brown anakuja. Anamsifu: huyoo, Charlie Brown wetu, mtu mwema. Kisanduku cha pili Charlie Brown anapita mbele yao anatabasamu, na sifa zinaendelea. Cha tatu amekwishapita, hayupo, na mvulana bado anamtizama anakoelekea, bado anamtaja kwa wema. Cha nne, uso umekunjamana: namchukia huyu, basi tu.

Kisome tena ukiwa mwalimu. Hayo si mambo unayoyaona kila siku kwenye uwanja wa skuli? Hicho kisanduku cha tatu ndicho chenye kazi yote. Hakuna kinachotokea, mtu amepita na hewa imebaki. Ukikiondoa, kinabaki kijembe cha kawaida. Ukikiacha, unapata muda wa kuamini kwamba mtoto huyu anapendwa, kisha unapokonywa. Wachoraji wa wakati ule waliogopa kupoteza nafasi, ndiyo maana waliijaza, ilhali Schulz alipewa nafasi ndogo kuliko wote na robo yake akaiacha wazi. Ukubwa uliokuwa unautafuta kwenye mikono na miguu uko hapo. Baada yake ikawa kawaida kwa kibonzo cha gazeti kunyamaza kisanduku kimoja, na kwa mhusika kukaa akafikiri badala ya kuanguka kwenye ndoo ya maji.

Maisha yake yenyewe hayana mikasa ya kusimulia usiku kucha, na yeye hakuyapamba. Alizaliwa Minneapolis tarehe 26 Novemba 1922, akakulia mji wa jirani wa St. Paul, mtoto wa pekee wa kinyozi. Babake Charlie Brown naye ni kinyozi, kwa hiyo unaona alikuwa anachota kisima gani. Alipokuwa na siku mbili tu duniani mjomba wake alimpa lakabu ya farasi wa kwenye kibonzo cha gazeti la wakati ule, wakamwita Sparky mpaka kufa kwake. Mchoro wake wa mwanzo kuchapishwa ulitoka mwaka 1937, akiwa na miaka 14: ulikuwa wa mbwa wao aliyekula pini na nyembe bila ya kudhurika, ukaingizwa katika safu ya maajabu ya Ripley. Mbwa yule ndiye asili ya Snoopy.

Kuhusu jina la Snoopy kuna jambo ambalo vitabu vya watoto huliruka. Mamake, Dena, aliwahi kusema kwamba wakipata mbwa mwengine wamwite hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1943, Schulz keshachukuliwa jeshini, alikuja nyumbani kwa ruhusa ya mwisho wa wiki. Mama alikuwa kitandani na saratani. Usiku wa kuondoka alimuaga mwanawe akamwambia kwamba pengine hawataonana tena. Hawakuonana. Akafa, mwana akenda vitani Ulaya na kikosi cha vifaru, akarudi mwaka 1945. Alipotafuta jina la mbwa wa kibonzo, lile alilolichagua mwanzo likawa limeshatumiwa na mwengine, ndipo akalikumbuka neno la mamake. Mimi tangu nilipolijua hilo siwezi kumtizama mbwa yule akicheza juu ya paa la kibanda chake nikaona kikaragosi tu.

Baada ya vita akawa mwalimu katika chuo kile kile cha posta, anasahihisha kazi za wanafunzi. Mwenzake mmoja wa kazini aliitwa Charlie Brown, mtu wa kweli, na Schulz akamwomba ruhusa ya kulitumia jina lake. Kuanzia mwaka 1947 akawa na kibonzo cha watoto katika gazeti la mji wake, Pioneer Press la St. Paul. Hapo ndipo alipotoka kwenda New York kwa treni na michoro yake.

Jina la kibonzo chenyewe, Peanuts, yaani njugu, si lake. Yeye alikuwa na jina jengine, kampuni ikaona linafanana na majina ya vibonzo vilivyokwishakuwapo, ikampachika hilo bila ya kumshauri. Alilichukia maisha yake yote. Alisema halina heshima. Fikiria umeandika utenzi, mchapishaji akaupa jina la Kashata.

Umesema vyengine havichekeshi. Kweli, na baadhi ni kwa sababu ya mchezo wa besiboli, ambao hata nikikueleza hautakuchekesha. Wewe viruke hivyo. Nenda kwenye tiara. Charlie Brown anarusha tiara, tiara inanasa mtini, na anasimama chini ya mti amekamata uzi, hataki kuondoka. Nimeona hilo kwa macho yangu katika kila kiwanja cha Unguja wakati wa upepo, ila sisi tiara zetu zinaliwa na minazi na nyaya za umeme. Kuna na ule mpira ambao mtoto mwenzake, Lucy, humshikia aupige, na kila mwaka huunyakua dakika ya mwisho, Charlie Brown akaanguka chali. Kila mwaka anajua, na kila mwaka anaukimbilia. Hapo hutafuti kichekesho kipya. Unarudi kutizama kama atakataa safari hii.

Katika vibonzo vya watoto vilivyokuwapo kabla, mtoto alikuwa mtundu, anavunja vioo, anachapwa, tunacheka. Watoto wa Schulz hawavunji kitu. Wana wasiwasi, wanaona wivu, wanampenda mtu asiyewajua. Linus hawezi kuishi bila ya blanketi lake. Lucy anauza ushauri kwa senti tano kwenye kibanda kama cha muuza maji ya ndimu. Watu wazima karibu hawaonekani kabisa. Na anayeitwa shujaa hashindi, au anashinda mara chache sana ndani ya miaka khamsini. Msomaji aliyepoteza kazi jana anafungua gazeti asubuhi anakutana na mtoto mwenye uso wa mviringo aliyepoteza mechi yake kwa mabao yasiyohisabika, na siku yake inakuwa na mwenzake. Alipostaafu, kibonzo kilikuwa kinatoka katika magazeti yapatayo 2,600 katika nchi 75. Hadi wanaanga wamechukua majina yake: chombo cha Apollo 10 kilichouzunguka mwezi, Mei 1969, kiliitwa Charlie Brown, na kile kilichoteremka karibu na uso wa mwezi bila ya kutua kiliitwa Snoopy.

Kisa cha Franklin nitakaa nacho kidogo, maana wewe mwalimu utakipenda.

Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa. Siku chache baadaye mwalimu mmoja wa Los Angeles, Harriet Glickman, mwanamke wa kizungu mwenye watoto watatu, alimwandikia Schulz: kwa nini ndani ya kibonzo kinachosomwa na nchi nzima hakuna hata mtoto mmoja mweusi? Schulz alijibu kwa uungwana kwamba amelifikiria, ila anaogopa wenyewe weusi wasije wakaona anawafanyia hisani ya kuwadharau. Mwengine angeishia hapo akaiweka barua kwenye saraka. Bibi yule hakuishia hapo. Aliwaendea rafiki zake weusi, wazazi, wakamwandikia wao wenyewe kwamba mlete tu, hata awe wa kupita njia, mradi aonekane kama mtoto mwengine. Tarehe 31 Julai mwaka huo huo Charlie Brown yuko ufukweni, mpira wake umechukuliwa na maji, na mtoto mweusi, ndiye Franklin, anatoka baharini kaushika: huu wako? Wakakaa kujenga ngome ya mchanga. Katika mazungumzo Franklin anataja kuwa babake yuko Vietnam, vitani.

Baadaye akamkalisha Franklin darasa moja na watoto wa kizungu, na mhariri mmoja wa majimbo ya kusini akaandika kulalamika. Schulz mwenyewe alisimulia kwamba mkuu wa kampuni alipompigia simu kutaka abadilishe, alimjibu: ama mtachapisha nilivyochora, ama naacha kazi. Simu ikaisha hapo.

Lakini mimi sitamsifu kupita kiasi. Franklin alikuwa na adabu mno. Wenzake wote wana kasoro za kuchekesha, yeye hakupewa hata moja, na katika kibonzo mtu asiye na kasoro hana kazi ya kufanya. Ile hofu ya Schulz ya kukosea ilimfanya amchore kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, asiyethubutu kukunja miguu juu ya kiti. Ukija kumchora mtoto wa Kimakunduchi au wa Kitumbatu kati ya watoto wako wa Wete, mpe ukaidi wake.

Wengine humlaumu kwa biashara: fulana, vikombe, wanasesere, matangazo ya bima. Ni kweli aliruhusu karibu kila kitu, na aliingiza fedha nyingi. Bill Watterson, aliyechora Calvin and Hobbes kuanzia mwaka 1985 mpaka 1995, na ambaye amesema wazi deni lake kwa Schulz, alikwenda njia ya pili: alikataa kabisa mhusika wake kuchapwa kwenye kikombe. Kila mmoja na dhamira yake. Mimi nilikuwa nalipwa kisanduku bei ya vitumbua viwili, sina haki ya kumhukumu mtu kwa kuuza vikombe.

Sasa ubakhili.

Shangazi yangu alikuwa akichora hina na piko, Mungu amrehemu. Maharusi wa Ng'ambo na wa Mji Mkongwe walipita mikononi mwake. Alipozeeka mkono ukaanza kutetemeka. Mistari ya maua ikawa na mawimbi madogo, kama uzi uliofumuliwa kwenye shati. Binti yake alijua maua yote, jani kwa jani, na mkono wake ulikuwa umetulia. Lakini wenye harusi walikuwa wakiyatizama yale maua yaliyonyooka wanasema, "Hii ya binti," bila ya ubaya, kisha wanauliza kama mama anaweza japo kiganja kimoja.

Schulz alipasuliwa moyo mwaka 1981, na baada ya hapo mkono wake ulianza kutetemeka. Chukua kibonzo chake cha mwaka 1965 ukiweke pembeni ya cha mwaka 1995. Katika hicho cha kale mstari unateleza kama mshipi majini, na katika cha pili unatikisika kila mahali, kwenye kichwa, kwenye nyasi, hata kwenye herufi. Alikuwa akichora kwa kalamu ya kuchovya wino yenye nibu ya Esterbrook, na kiwanda kilipoacha kuzitengeneza alinunua akiba yote iliyobaki. Angeweza kumwajiri kijana amnyooshee mistari. Wachoraji wengi mashuhuri walikuwa na wasaidizi wa kutia wino na kuandika herufi. Yeye hakuwa nao. Vibonzo 17,897 vya magazetini, tangu Oktoba 1950 mpaka Februari 2000: wazo lake, penseli yake, wino wake, herufi zake. Likizo ya maana ilikuwa moja, wiki tano mwaka 1997 alipotimiza miaka 75.

Kwao Marekani desturi ni kuendeleza. Chic Young, aliyeanzisha Blondie mwaka 1930, alipofariki mwaka 1973 kibonzo kilishikwa na mwanawe na kinaendelea. Mashabiki hawalalamiki. Kwa hiyo Schulz alikuwa anakwenda kinyume na desturi, na familia yake ilikuwa upande wake: wanawe hawakutaka mtu mwengine achore kazi ya baba yao. Likaandikwa kwenye mkataba.

Hapa lakini nikurekebishe kidogo, maana uliyoyasoma hayakuwa kamili. Mlango uliofungwa ni mmoja tu, wa kibonzo kipya cha gazetini. Katika miaka ya 1950 vile vijitabu vya hadithi za Charlie Brown vilivyouzwa madukani vilichorwa kwa sehemu kubwa na watu wengine kwa idhini yake. Filamu na vipindi vya televisheni vimeendelea, na hiyo filamu ya mwaka 2015 mwanawe Craig ni mmoja wa walioiandika. Magazeti mengi mpaka leo yanarejea kuchapisha vibonzo vyake vya zamani. Alichokataa ni mtu mwengine kukaa kwenye meza ile, ashike kalamu ile, atie saini ile. Ukiniuliza mimi, bakhili ni anayemnyima mtu kilicho chake. Mtetemeko wa mkono wake ulikuwa wa nani?

Novemba 1999 alipata kiharusi, na madaktari wakagundua saratani ya utumbo. Desemba akatangaza kustaafu. Kibonzo cha mwisho cha siku za kazi kilitoka tarehe 3 Januari 2000, na cha mwisho kabisa, cha Jumapili, kilipangwa kutoka tarehe 13 Februari. Magazeti yalikwishachapwa yanangojea asubuhi. Usiku wa tarehe 12 alilala nyumbani kwake Santa Rosa, California, akafa usingizini. Watu waliamka wakakuta barua yake ya kuaga wasomaji kwenye ukurasa wa rangi, na redioni khabari ya kifo chake. Aliyekuwa chumba cha habari siku ile, hata huku kwetu, hakusahau.

Wanafunzi wake wako wengi kuliko wanaomtaja. Quino wa Argentina alipoombwa atengeneze familia ya kibonzo iliyo na kitu cha Peanuts ndani yake, akazaliwa Mafalda, mtoto wa kike mwenye maswali kuhusu amani ya dunia na asiyependa supu, aliyechorwa kati ya 1964 na 1973. Kwetu Afrika Mashariki tuna wahusika waliodumu, Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo la Kenya, Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru ambalo wazee wenzangu walilingojea bandarini. Siku hizi tuna mabingwa wa vibonzo vya siasa, Gado na Masoud Kipanya. Ila wote hao, ukitizama, ni mambo ya watu wazima. Mtoto wa Kizanzibari mwenye huzuni yake mwenyewe, isiyo ya kufundishwa somo, sijamuona kwenye gazeti. Ndiyo maana nilipofungua kiambatisho chako nilikaa kitako.

Kibonzo chako ni kizuri na umekijaza mno. Visanduku vinne, na katika kila kimoja umechora mikarafuu mitatu, nyumba ya makuti, jua na mionzi yake, na maua yote ya kanga ya mama. Kwenye karatasi yako yanapendeza. Gazetini yatakuwa doa la wino. Mikarafuu iache kwenye kisanduku cha kwanza peke yake, mmoja, ili tujue tuko Pemba. Kuanzia cha pili chora jamvi, mtoto na mbingu tupu.

Halafu maneno. Mama yako anasema hivi: "Mwanangu, mimi nakwenda kisimani kuteka maji, wewe kaa hapa uangalie mvua isije ikatuharibia karafuu zetu tulizozianika tangu asubuhi." Maneno kumi na nane. Hakuna mama wa Wete mwenye ndoo kichwani anayesema hivyo. Anasema, "Tizama mvua," na keshafika barabarani. Umekulia kwenye kanga, unajua jina la kanga linavyotosha kuvunja ndoa kwa maneno manne. Yapime hivyo.

Kisanduku cha pili mtoto anatizama juu. Vyema. Cha tatu umeandika ndani ya kiputo, "Mbona mawingu siyaoni?" Kifute kiputo. Mwache anatizama juu vile vile, kichwa kile kile, mahali pale pale, na pembeni ya jamvi aingie kuku mmoja, nusu tu, kichwa na mguu wa mbele. Usimuonyeshe msomaji kwa mshale wala kwa "kokoko".

Cha nne ulikuwa nacho barabara: jamvi limejaa kuku wanapekua, karafuu zinaruka, na mtoto bado anatizama mbinguni, anapaza sauti kwa mamake kwamba mvua hakuna. Tatizo ni kwamba umemrudisha mama na kumtia mdomoni methali ya malezi. Mwalimu ndani yako ndiye aliyeiandika hiyo, mwambie akalale. Mama asionekane. Uso wa mtoto uwe umetulia kabisa, nukta mbili na kistari, kazi aliyopewa ameifanya.

Na kuku wawe watano, si kumi na mmoja. Wanne wapekue. Wa tano, yule wa pembeni kabisa, mnyanyue shingo naye atizame juu pamoja na mtoto. Ukishamaliza niletee tena, na safari hii mchore kwa wino.